Ukuta wa Mzee, vyumba vya Mwalimu: uchambuzi wa kisa kimoja cha mpaka

Kisa hiki ni cha Dar es Salaam, kwenye eneo la viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 chini ya ule mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia uliozaa Sinza na Kijitonyama. Mtaa sitautaja. Wahusika nitawaita kama wanavyoitana wenyewe: Mwalimu na Mzee. Wameridhia kisa chao kiandikwe, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Mimi niliingia kama msaidizi wa kisheria, wakati ujenzi umeshasimama na salamu zimeshakatika.

Mwalimu ni mstaafu. Alipopata kiinua mgongo aliamua kuongeza vyumba viwili uani, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anarudi nyumbani na watoto. Kiwanja chake ni mita 12 kwa 24, kwa hiyo nafasi ya kuchezea ni ndogo. Fundi alimwambia vyumba vya uani havihitaji kibali, maneno ambayo nimeyasikia kwa mafundi wengi kiasi kwamba nadhani wanarithishana. Msingi ukachimbwa, tofali za inchi sita zikapanda mpaka usawa wa linta. Ndipo Mzee, jirani wa upande wa kushoto, alipotoka na kusema mbele ya mafundi, "Mwalimu, umekula kiwanja changu."

Hoja ya Mzee ilikuwa hii: ukuta unaotenganisha nyumba zao aliujenga yeye, na aliujenga ndani ya kiwanja chake, akaacha kama hatua moja upande wa nje ili aweze kupita kupiga lipu. Kwa hiyo mpaka uko ng'ambo ya ukuta, upande wa Mwalimu, na vyumba vipya viko puani kwake. Hoja ya Mwalimu ilikuwa fupi zaidi. Ukuta ndio mpaka, mtaa mzima unajua.

Wakaenda kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, alikuja na futi kamba, akavuta kutoka kona ya ukuta mpaka barabarani, akatamka kwamba ukuta ndio mpaka. Mzee hakukubali, na kwa hilo alikuwa na haki. Huwezi kupima kutoka kwenye kitu chenyewe kinachobishaniwa halafu ukasema umepata jibu. Akaenda manispaa. Baada ya siku chache tofali za Mwalimu zilikuwa na alama ya X nyekundu na neno SIMAMISHA.

Kijana wa Mwalimu naye akaongeza kuni kwenye moto. Alipata nakala ya ramani ya upimaji, akaingiza namba za majira ya nukta, yaani zinazoonyesha kona za kiwanja ziko wapi, kwenye simu yake, na simu ikamwonyesha kiwanja cha mama yake kikiwa mtaa mwingine kabisa. Akatangaza kwamba ramani ni feki. Ramani haikuwa feki. Ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa majira uitwao Arc 1960, na simu zinasoma mfumo wa WGS84. Kwa maeneo yetu tofauti kati ya mifumo hiyo miwili ni karibu mita 300 ardhini. Hata ukibadilisha mfumo kwa usahihi, simu ya kawaida inakosea kwa mita kadhaa, na ugomvi huu ulikuwa wa sentimita.

Maswali matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja

Nilipowasikiliza kila mmoja peke yake, niliona kwamba walikuwa wanagombana juu ya mambo matatu huku wakiyaita kwa jina moja la mpaka. La kwanza ni mstari uko wapi. Hilo ni la mpima ardhi, na halijibiwi na mwenyekiti wala mzee wa mtaa anayekumbuka mwembe uliokatwa zamani. La pili ni kama jengo linaruhusiwa kukaa pale lilipo. Hilo ni la manispaa, na linabaki hata kama mstari uko mahali unapoutaka wewe, kwa sababu lazima uache nafasi kati ya jengo lako na mpaka. La tatu ni nini kifanyike kwa vitu ambavyo tayari vimesimama, yaani ukuta wa Mzee na vyumba vya Mwalimu. Hilo ndilo la baraza la ardhi, au la wenyewe wakiweza.

Kulikuwa na la nne ambalo hakuna aliyelitaja mpaka nilipokaa kwenye kibaraza cha nyumba ya Mzee. Bati la jiko la nje la Mwalimu lilikuwa linamwaga maji yote chini ya ukuta wake. Kila masika udongo unalowa, ukuta unapata ufa mpya, na Mzee anaununulia saruji. Alikuwa amelisema mara nyingi kabla ya ujenzi, kwa upole, na akajibiwa "nitamwambia fundi". Nadhani hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, na vyumba viliupa tu mahali pa kusimama.

Nilishauri waanze na mstari. Kwa lugha ya ofisi za ardhi kazi hiyo huitwa kufufua mipaka: mpima anachukua ramani ya upimaji iliyosajiliwa, anatafuta bikoni za zamani zilizosalia, yaani alama za mpaka zilizozikwa kwenye kona za viwanja, na zilizopotea anazirudisha mahali pake kwa hesabu. Mwalimu alikubali siku hiyo hiyo. Mzee alikataa.

Kwa nini Mzee alikataa

Alikataa kwa namna iliyomfanya kila mtu amwone mkorofi. Hakutaka kuonyesha hati. Hakutaka mpima aingie uani kwake. Barua ya mwito wa mtendaji wa kata aliirudisha bila kuifungua. Watoto wa Mwalimu wakasema huyu anajua ameiba ardhi ndiyo maana anaogopa vipimo, na kwa kweli ilionekana hivyo.

Nilirudi kwake jioni moja, nikamwamkia, tukazungumza kwanza habari za bandari alikofanya kazi maisha yake yote. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, hiyo hati haina jina langu." Nyumba ilikuwa ya kaka yake mkubwa, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Mzee alibaki akaitunza, akaiongeza, akajenga na huo ukuta. Mirathi haikufunguliwa kamwe. Watoto wa marehemu walikuwa wadogo wakati huo, na sasa ni watu wazima wanaoishi Tanga. Hofu yake haikuwa mpima. Ilikuwa kwamba karatasi zikianza kutembea maofisini, wapwa, kama anavyowaita watoto wa kaka yake, watauliza kwa nini baba mdogo anakaa kwenye nyumba ya baba yao.

Jambo hili liligeuza kisa chote, na sababu zake ni za kisheria kabisa. Mali ya marehemu husimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hakuna msimamizi, hakuna mtu mwenye uwezo wa kusaini makubaliano yatakayoifunga mali hiyo, wala wa kufungua shauri kwa niaba yake. Vitisho vya Mzee vya "tutakutana barazani" vilikuwa hewa. Shauri lake lingetupwa kwa kukosa haki ya kushitaki. Lakini upande wa pili ulikuwa umekwama vile vile. Mwalimu angeweza kumbana Mzee mpaka asaini chochote, na kesho yake kijana kutoka Tanga akaja na kusema karatasi hiyo haimhusu. Angekuwa sahihi.

Kuna watetezi ambao wangeichukua siri hiyo na kuitumia kama rungu. Mimi nilimwomba Mzee ruhusa ya kumweleza Mwalimu kitu kimoja tu, kwamba hati ina suala la mirathi linalohitaji muda. Alikubali baada ya kufikiri. Mwalimu aliposikia alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe. Basi na asubiriwe." Yeye mwenyewe aliwahi kusumbuliwa na mashemeji baada ya mumewe kufariki.

Mzee aliwapigia wapwa. Hawakuja na panga. Walikuja na maswali, wakafanya kikao cha ukoo, na muhtasari wa kikao ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mpwa mkubwa aliteuliwa kuwa msimamizi, akapewa barua ya usimamizi, ile fomu namba nne. Haki ya Mzee ya kuendelea kukaa waliizungumza wao kwa wao, na sehemu hiyo si yangu kuisimulia. Ilichukua miezi. Wakati wote huo tofali za Mwalimu zilikaa juani na binti akaendelea kupanga chumba Tabata.

Tuliandika, hata hivyo, karatasi ya muda ya nusu ukurasa. Mwalimu hataongeza tofali hata moja mpaka mipaka ifufuliwe. Mzee hatagusa kilichojengwa. Na Mwalimu ataweka gata kwenye bati la jiko lake ndani ya wiki mbili, bila kungoja chochote, kwa sababu maji yale hayakuhitaji mpima. Gata lilifungwa. Kwa maoni yangu bomba lile la plastiki lilifanya kazi kuliko barua zote zilizotangulia, maana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Mzee kuona lalamiko lake limechukuliwa kama lalamiko.

Siku ya kufufua mipaka

Suala la nani amlete mpima si dogo. Ukimleta wewe, jirani atasema umenunua jibu, na ukimwuliza kwa nini anafikiri hivyo atakuhesabia visa. Tulichofanya ni Mwalimu kuleta majina matatu ya wapima waliosajiliwa, na upande wa Mzee kuchagua mmoja. Gharama Mwalimu alitanguliza zote, kwa makubaliano ya maandishi kwamba nusu itarudishwa mapatano yakifikiwa.

Siku yenyewe walikuwepo Mwalimu, Mzee, mpwa msimamizi, mwenyekiti wa mtaa, na majirani wa nyuma na wa upande wa pili, kwa sababu kona za viwanja ni za watu zaidi ya wawili. Mpima hakuanza kwenye ukuta. Alianza mbali, mwisho wa kitalu, akitafuta bikoni ambazo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzigusa: nondo fupi iliyozamishwa kwenye zege, imeandikwa namba. Moja aliipata chini ya kalavati, nyingine ilikuwa imefukiwa kwenye bustani ya maua ya mtu. Alipima umbali kati yake na kulinganisha na ramani. Zilipokubaliana ndipo akasogea kuelekea kwenye ugomvi. Kijana wa Mwalimu alimwuliza kwa nini anahangaika na bikoni za mtaa wa pili. Jibu lilikuwa kwamba bikoni ya jirani inaweza kuwa imehamishwa usiku, ingawa kuing'oa ni kosa la jinai, lakini bikoni nne za mbali zenye kukubaliana haziwezi kuwa zimehamishwa pamoja na zikabaki na vipimo vile vile.

Jibu lilipotoka, halikumpendeza mtu. Ukuta haukuwa sambamba na mpaka. Mbele, karibu na barabara, ulikaribia kugusa mstari. Ulivyokwenda nyuma ulipinda kuingia kwa Mwalimu, na kwenye kona ya uani ulikuwa umeingia sentimita 35. Hoja ya Mzee ya hatua moja ilianguka, na hoja ya Mwalimu kwamba ukuta ndio mpaka nayo ikaanguka, kwa faida yake mwenyewe.

Furaha ya Mwalimu haikufika jioni. Vyumba vyake vilikuwa sentimita 90 kutoka kwenye ukuta. Ukiongeza 35, jengo lilikuwa mita 1.25 kutoka kwenye mpaka halali. Alipokwenda manispaa kuomba kibali alichopaswa kuwa nacho tangu mwanzo, aliambiwa kwamba kwa kiwanja chake nafasi ya pembeni isipungue mita 1.5. Ameshinda mstari, na bado amepungukiwa sentimita 25.

Mimi nililiona hilo kama bahati, ingawa Mwalimu hakuwa tayari kusikia neno hilo siku ile. Kila upande sasa ulikuwa na karatasi inayoonyesha kosa lake. Mpwa alijua kwamba wakienda mbele, ukuta wa familia unaweza kuamriwa kubomolewa. Mwalimu alijua kwamba akiwabana juu ya ukuta, wao watambana juu ya vyumba. Nimeona mapatano mengi yakivunjika kwa sababu mmoja alikuja amebeba ushahidi na mwenzake amebeba kilio tu.

Barazani

Watu wengi bado wanadhani Baraza la Kata linaamua kesi za ardhi. Lilikuwa linaamua, kwa migogoro isiyozidi thamani ya shilingi milioni tatu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliondoa mamlaka hayo na kuliachia kazi ya usuluhishi peke yake. Lakini huwezi kuliruka. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limejaribu kusuluhisha na limeshindwa, na likikaa siku 30 bila kusuluhisha, mlalamikaji anaruhusiwa kuendelea. Kijana wa Mwalimu alikuwa ameshalipia wakili aandike madai ya kupeleka wilayani moja kwa moja. Yangerudishwa mlangoni.

Usuluhishi husikilizwa na wajumbe watatu, angalau mmoja akiwa mwanamke. Kwetu walikuwa wanawake wawili, na mmoja wao, mama wa makamo anayeuza vitenge, ndiye aliyeuliza swali lililofungua kikao. Hakuuliza nani ana haki. Alimwuliza Mzee, "Ukuta huu ukianguka leo, utaujenga wapi?" Mzee akamtazama mpwa wake, mpwa akasema, "Kwenye bikoni." Kisha mama yule akamgeukia Mwalimu, "Na wewe mwanao akilala kwenye chumba kile, dirisha linatazama wapi?" Dirisha lilikuwa linatazama choo cha Mzee cha nje. Kulikuwa na kicheko.

Makubaliano yalihusu mambo machache. Pande zote zinatambua kwamba mpaka ni mstari wa bikoni zilizofufuliwa, na ramani ya mpima imeambatishwa na kusainiwa kila ukurasa. Ukuta unabaki ulipo kwa ridhaa ya Mwalimu mpaka utakapoanguka au kujengwa upya, na hapo utahamia kwenye mstari kwa gharama ya familia ya Mzee. Mwalimu atabomoa ukuta wa pembeni wa vyumba vyake na kuusogeza ndani, dirisha lipande juu, na maji ya bati jipya yatolewe kwa bomba mpaka mbele. Familia ya Mzee itaondoa lalamiko lake manispaa na kurudisha nusu ya gharama ya mpima.

Kifungu ambacho nilikitetea kuliko vyote ni maneno "kwa ridhaa ya Mwalimu". Mpwa aliona ni urembo. Kwa Sheria ya Ukomo, mwenye ardhi ana miaka 12 ya kudai kilichochukuliwa, na anayekalia ardhi ya mwenzake muda wote huo anaweza kuja kudai imekuwa yake. Si dai jepesi. Mahakama ya Rufani, katika shauri la mwaka 2018 la wadhamini wa masista wa Roho Mtakatifu, iliorodhesha masharti ambayo mdai lazima ayathibitishe yote kwa pamoja, mojawapo likiwa kwamba alikaa waziwazi bila idhini ya mwenyewe. Hapa hatukuweza hata kukubaliana ukuta ulijengwa mwaka gani. Mzee alisema 1998, Mwalimu alisema ni baada ya hapo sana. Idhini iliyoandikwa inaondoa haja ya kubishana juu ya mwaka, kwa sababu anayekaa kwa ruhusa hawezi kugeuka kesho akasema alikaa kwa kuvamia.

Alisaini msimamizi wa mirathi kwa upande wa mali, na Mzee akasaini kama mkaaji. Watoto wa Mwalimu walitaka Mzee aandike pia kuomba radhi. Mama wa vitenge alikataa katakata, akasema baraza linasuluhisha mipaka.

Je, ilikuwa haki? Ukihesabu kwa sentimita, Mwalimu ametoa zaidi. Ardhi yake ipo chini ya ukuta wa watu kwa muda usiojulikana, na yeye ndiye aliyebomoa. Kijana wake mpaka leo anasema mama alionewa. Mimi nadhani anasahau kwamba kubomoa kulitokana na kukosa kibali, na kungempata hata kama jirani angekuwa malaika. Gharama halisi ya Mzee haionekani kwenye ramani: alilazimika kuifungua mirathi ya kaka yake.

Fundi mpya alisogeza ukuta, tofali nyingi zikatumika tena. Chumba kimoja kimekuwa chembamba, kitanda cha futi tano kinaingia kwa shida. Kibali kilitoka na X ikapakwa chokaa. Nusu ya gharama ya mpima ililipwa kwa awamu.

Limebaki jambo moja. Siku ile mpima alipokuwa anafunga vifaa vyake alituonyesha kwamba hata jirani wa upande wa kulia, ambaye hakuna aliyemfikiria, ameingia kwa Mwalimu sentimita kama kumi pale kwenye banda lake la kuku. Mwalimu alipunga mkono. "Huyo tunaelewana, mwache." Nilimshauri kwamba ni vizuri kuandikiana ukurasa mmoja sasa hivi, wakati wanaelewana, wenye neno ridhaa na sahihi mbili. Bado hawajaandika.